Oili ya sinthetiki au ya kawaida: anza na namba

Watu wanaoagiza gari la kwanza kutoka Japani huniuliza sana: niweke oili ya sinthetiki au ya kawaida? Nami huwauliza kwanza, kitabu cha gari kinataka namba gani ya uzito wa oili? Mimi naendesha Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Kitabu chake ni Kijapani kitupu, lakini 5W-30 anaisoma yeyote, na lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Ukifungua mlango wa dereva unaweza kukuta na stika ya gereji ya huko, yenye kilomita na tarehe ambayo oili ilimwagwa mara ya mwisho. Mwaka ukiandikwa 30, huo ni mwaka wa 30 wa Heisei, enzi ya mfalme katika kalenda ya Kijapani, yaani 2018.

Hapa Dar fundi atakwambia, "Huku joto, weka 20W-50." Namba iliyo kabla ya W inahusu oili ikiwa baridi, na ya mwisho inapimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Injini ikishapata moto, inafanya kazi kwenye joto lake yenyewe, uwe kwenye joto la Kimara au baridi ya Makete. Injini hizi zina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa vali kufunguka, unaosukumwa na presha ya oili kupitia vitundu vyembamba na kichujio kidogo sana. Oili nzito inachelewa kufika, na oili iliyochakaa inaziba. Baadhi ya vitabu vya Toyota vina chati ya joto inayoruhusu oili nzito zaidi. Kama chako kinayo, ifuate. Lakini usiiache 5W-30 kwa neno la kijiweni.

Namba ikishajulikana, ndipo tuje kwenye sinthetiki. Oili ya kawaida husafishwa kutoka kwenye mafuta ghafi, na molekuli zake hazilingani. Ya sinthetiki imechakatwa kiwandani mpaka zikakaribiana, ndiyo maana inavumilia joto kali muda mrefu bila kugeuka tope, na inatiririka upesi unapowasha gari asubuhi. Kwenye IST yangu mlio wa vali wa asubuhi unakatika mapema zaidi nikiwa na sinthetiki. Kwenye ulaji wa petroli sijaona tofauti ya kukutangazia.

Kama gari lina turbo, mfano Subaru Forester XT, mimi sina mjadala: sinthetiki. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu na joto lake linaipika oili. Vivyo hivyo kwa anayekaa kwenye foleni ya Morogoro Road kila siku. Kilomita hazisogei lakini injini inaunguruma saa nzima. Ila injini inayokula oili, kama zile 1ZZ za Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinazojulikana kwa tabia hiyo, usiimwagie hela. Weka ya kawaida yenye namba sahihi, pima kwa kijiti kila wiki, na uanze kuweka akiba ya ringi za pistoni.

Kuhusu muda, Toyota huko Japani huruhusu kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo, lakini kwa mazingira magumu hushusha hadi 7,500 au miezi sita. Vumbi, safari fupi na foleni ndiyo mazingira magumu yenyewe, na ndiyo maisha yetu. Kwa hiyo sinthetiki naimwaga kwenye 7,500, ya kawaida kwenye 5,000, na filta mpya kila mara. Anayemwaga ya kawaida kwa wakati ananishinda mimi kama nikiacha sinthetiki ifike 15,000.

Bei ya sinthetiki ni karibu mara mbili au zaidi, na hapo ndipo wachakachuaji wanapoingia. Nunua kwa wakala, kagua sili ya kifuniko, simama wakati fundi anamimina, na galoni likiisha litoboe kabla hujaondoka gereji, maana galoni zima tupu lina wateja wake.

Ukiwa safarini kijiti kikaonyesha oili imeshuka, na dukani kuna ya kawaida tu, ongeza. Zinachanganyika bila madhara, mradi namba ilingane na iwe ya injini ya petroli. Kuanzia hapo hesabu kilomita zako kama za oili ya kawaida.