Mbele ununue sonari ya samaki kwa boti yako hapa Kivu

Bandugu wenye munaanza kutembea na boti kwa ziwa, leo niwaambie mambo ya sonari, ile mashini inayoonyesha samaki na kina cha maji. Mimi niko Bukavu, kazi yangu ni moteri za boti na umeme wake, na mara kwa mara kuna mutu ananipigia simu: kaka, nimeona moja inauzwa, wanasema inafika mita 700, ninunue? Mimi mbele ya kujibu namuuliza, wewe unavua wapi? Anashangaa. Lakini swali ni hilo tu, juu sonari unainunua kwa maji yako, hauinunui kwa maji ya mutu wa baharini.

Na maji yetu si kama ya wengine. Ziwa Kivu linashuka hadi mita 485 hivi, upande wa Goma ukitoka tu kwenye mawe ya pwani chini inakimbia mara moja. Ila uhai wote wa samaki uko juu, karibu mita 60 za kwanza basi, na miezi ya mvua hata hiyo 60 haifiki vizuri. Chini ya hapo oksijeni hakuna, kuna metani na gazi karboniki zimeyeyuka ndani ya maji, samaki akishuka huko anakufa. Kwenye ghuba la Kabuno ni mbaya zaidi, ukipita mita kumi na kitu maji yamekwisha kubadilika. Kwa hiyo mutu akikuuzia nguvu ya mita 700 anakuuzia giza lenye halina samaki hata mumoja. Yale makuta ya ziada weka kwa ekrani, kwa sonda (kile kifaa kinachoingia majini kutuma sauti) na kwa batri, ndiyo vitu vitakusaidia.

Kuna muzee mumoja, mutu wa heshima sana, alinunua yake akaifunga mwenyewe, akaniita ananiambia mwanangu, huku kwetu samaki wako mita 120, nimewaona kwa macho yangu. Nikaenda nikaangalia. Mashini ilikuwa bado inahesabu kwa futi vile ilitoka kiwandani! Futi 120 ni mita 36 na kitu. Tulipobadilisha kwenye menyu kila kitu kikaingia mahali pake. Basi ukifungua karton, jambo la kwanza ni menyu: weka mita, weka maji baridi yasiyo ya chumvi, kiisha angalia joto la maji inalosoma. Juu ya ziwa letu ni digri 23, 24 hivi, ikikuonyesha 15 ujue kuna kitu hakiko sawa.

Sasa frekansi, yaani sauti inatikisika mara ngapi kwa sekunde, hapa ndipo wengi wanapotea. Sonda inatuma sauti chini, sauti inagonga samaki ao chini ya ziwa, inarudi, na mashini inahesabu muda. Ndani ya maji yetu sauti inakimbia karibu mita 1490 kwa sekunde moja, kwa hiyo kwenda mita 60 na kurudi haimalizi hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Frekansi ndogo, zile za kilohezi 50, 77, 83, zinafika mbali na zinafungua mwanga mupana. Kubwa, 200, inafungua mwembamba lakini inaona vizuri zaidi. Na zile za 455 ao 800 zinachora kama picha kabisa, ila haziendi chini sana. Fikiria tochi. Sonda ya digri 20, chini kwenye mita 30 inamulika duara la kama mita 10 upana. Ya digri 60, mahali palepale, inamulika karibu mita 35, yaani samaki unayemuona kwa ekrani anaweza kuwa mbali kabisa na boti yako na wewe unashusha ndoano hapa chini unangoja bure. Mimi nawaambia wanaoanza watafute yenye kilohezi 200 ndani, na kama ni CHIRP ni vizuri zaidi, juu ile haitumi sauti moja, inatuma mfululizo wa sauti na inatenganisha samaki waliokaribiana. Hata ndogo kama Garmin Striker 4 inayo hiyo CHIRP, kwa hiyo si lazima ununue televizyo.

Ekrani lakini usiichezee. Na zaidi ya ukubwa wa inchi, uliza nukta (pikseli) ngapi kutoka juu hadi chini. Tufanye hesabu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Ekrani ya nukta 480 ukiipa mita 70, kila nukta inabeba sentimita 15 hivi. Ukiiacha kwenye otomatiki ijichagulie kina na uko juu ya mita 350, kila nukta inabeba sentimita 70 na zaidi, na sambaza mwenyewe ni wa kidole tu, sentimita 10, 12! Zile mita 60 zenye uhai zinabanwa pale juu kama mustari, unaona tu maji matupu na unasema mashini imekufa. Toa otomatiki. Weka mwenyewe sifuri hadi 70, uache chini ya ziwa isionekane, hauihitaji.

Usiku mumoja tulikuwa upande wa kisiwa cha Ibinja, ziwa limetulia, mbali tunaona taa za wavuvi wa sambaza na tunasikia nyimbo zao. Nikiwa nimeweka 0 hadi 70 hivyo, saa kumi na moja na nusu jioni ekrani ilionyesha utepe wa wingu kwenye mita 35, 40. Giza lilipoanza kuingia ule utepe ukaanza kupanda, polepole, mita 30, mita 22, na saa moja na kitu ulikuwa umefunguka pale mita 10 kama moshi, mwekundu katikati, rangi ya majani pembeni. Ndiyo sambaza hao. Mchana wanakaa chini, usiku wanafuata vidudu vidogo wanavyokula vinavyopanda juu. Wazee wetu walijua bila mashini, na wale sambaza wenyewe si wa hapa, waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, wakazoea. Hata watafiti wanawahesabu kwa sauti hivihivi. Mimi nilikaa nikiangalia ule utepe unapanda hadi nikasahau kushusha nyavu, na kutoka siku hiyo ndipo nilielewa sonari si ya kuhesabu samaki mumoja mumoja, ni ya kukuambia wako kwenye kina gani saa hii.

Ndiyo sababu nakuomba uzime zile picha za samaki wadogo. Mashini nyingi zina hiyo, kila kinachorudisha sauti inakiweka picha ya samaki, wageni wanapenda. Inadanganya sana kwetu, juu mapovu ya gazi yakipanda nayo yanarudisha sauti, majani ya maji pia. Ukizima unabaki na mwangwi wa kweli na jicho lako linajifunza. Samaki mukubwa akipita chini ya boti inayotembea anachora kama upinde, juu akiwa pembeni ya mwanga yuko mbali kidogo, katikati yuko karibu, akitoka tena mbali. Boti ikisimama na samaki naye akisimama, unapata mustari murefu, na mutu anasema eti nyoka! Hapana, ni samaki mumoja ametulia. Mapovu yenyewe mara nyingi ni nguzo iliyosimama ao mistari inayopanda tu haishuki. Na chini, mawe magumu ya volkano, kama kule Goma lava ya Nyiragongo ya 2002 iliingia hadi ndani ya maji, inaonekana mustari munene na unaong'aa, wakati mwingine unarudia mara ya pili chini yake. Matope yanakuwa hafifu. Tilapia mutafute pembeni, maji mafupi, pale mawe yanakutana na matope ao majani, na tafadhali sana, ukiona watoto wa samaki wamejaa pwani, upite, usitupe nyavu pale.

Sonda, nimeona boti nzuri zinaharibikiwa hapa. Mimi mwenyewe ya kwanza niliifunga nyuma kabisa, karibu na helisi, ile panga ya moteri inayozunguka majini, juu palikuwa rahisi kuweka visi. Boti ikisimama picha safi, ukiongeza mwendo kidogo tu ekrani inajaa takataka na namba ya kina inaruka, mita 90, mita 2, mita 300. Karibu na kisiwa, jioni, namba ya kudanganya inaweza kukupeleka juu ya mawe, na tulikuwa na watoto ndani. Nilirudi polepole na moteri chini chini hadi bandarini. Kesho yake nikaihamisha, sentimita 40 kutoka kwa helisi, mahali maji yanapita bila kuchanganyika na hewa, uso wake umeshuka kidogo chini ya sakafu ya boti na umelala sawasawa, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Kama boti ni ya fiba nzito bila povu katikati unaweza kuigundisha ndani, sauti itapita. Kwa mbao hapana, kwa aluminiamu hapana. Mutumbwi wa mbao tafuta bomba la chuma ao muti ulionyooka, funga sonda chini yake, ishushe kando, ukifika unaitoa. Ni kitu cha dola chache na inafanya kazi vizuri.

Batri: usichukue umeme kwa ile inayowasha moteri kama unaweza. Moteri inaleta kelele kwenye ekrani, na siku ukiimaliza batri uko katikati ya ziwa na upepo wa mchana umeanza. Weka ndogo ya volti 12 peke yake. Mashini ya inchi 5 inakula kama ampere moja ao chini ya hapo, batri ya asidi ya 12 Ah usihesabu saa 12, hesabu sita, juu ukishusha zaidi ya nusu kila mara inakufa mapema. Na fizibli, kile kinachokatika umeme ukizidi, weka karibu na batri, ya ukubwa wenye kitabu cha mashini kinasema, watu wanaisahau hiyo.

GPS, ile inayojua mahali uko, ndani ya mashini ni nzuri, unaweka alama mahali ulipopata na njia ya kurudi nyumbani usiku, mimi singenunua bila hiyo. Ile ya kutazama pembeni kushoto na kuume, kwa mutu anayeanza, ngoja.

Ukienda kununua, nenda na batri yako. Madukani wanakuonyesha picha nzuri samaki wanapita, ile ni demo, imerekodiwa, hata bila sonda inacheza. Mwambie aizime demo, afunge sonda, muiingize kwa beseni la maji. Kiisha uitoe, uilete karibu na sikio. Nyingi zinagonga kidogo, tik tik tik. Ukisikia kimya na ekrani haibadiliki ukitikisa maji, makuta yabaki mfukoni.