Inchi si Sifa: Kwa Wadogo Zangu wa Msimu wa Matairi ya Baridi

Oktoba imefika, Oslo imeanza kuganda alfajiri, na nyie mafundi wageni wa gereji mmeanza vituko vyenu. Juzi kijana wetu mmoja kamshauri mama mwenye SUV ya umeme achukue rimu za inchi 21 kwa ajili ya theluji, eti zinalipa gari heshima. Mwingine alikuwa anasukuma jeki chini ya betri huku anaimba. Nawapenda, ndiyo maana naandika. Kelele nimeshapiga, sauti imekauka.

Kufungua nati mnajua. Kinachonisumbua ni kuchagua. Mnaanzia nje kwenda ndani: urembo, inchi, bei, na gari lenyewe mnalikumbuka mwishoni. Anzeni ndani. Habu (kitovu ambako gurudumu linafungwa), breki, uzito. Urembo utapata nafasi yake ikibaki.

1. Chukua rimu ndogo kuliko zote inayopita kwenye breki. Model Y ya Tesla, gari mnalolikuta kila kona ya mji huu, hutoka na inchi 19, 20 au 21. Tairi la 255/45 R19 (upana milimita 255, ukuta asilimia 45 ya upana, rimu inchi 19) lina ukuta wa milimita 115. La mbele la inchi 21, 255/35, lina 89. Hizo milimita 26 ndizo zinazopokea shimo la mwezi Machi, barafu inapoyeyuka na lami kubomoka. Lisipopokea tairi, itapokea rimu. Toleo la Performance lina breki kubwa zaidi, kwa hiyo jaribisha rimu tupu kwanza, maana ukishaivalisha tairi duka halirudishi. Tena seti ile ya 21 ni 255 mbele na 275 nyuma, huwezi kuhamisha ya mbele kwenda nyuma. ID.4 ya Volkswagen nayo ndiyo tabia yake hata kwenye inchi 19: 235 mbele, 255 nyuma. Piga chaki kabla hujayapeleka hoteli ya matairi, ghala yanakolala hadi msimu wake. Msimu uliopita kuna mtu (simtaji, anasoma hapa) alirudisha mapana mbele na membamba nyuma, mteja akaenda nayo hadi Lillehammer.

2. Soma namba inayofuata ukubwa, ndiyo kipimo cha mzigo. 98 ni kilo 750 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900. Model Y bila watu ni karibu tani mbili. EV9 ya Kia inafika tani mbili na nusu. Tairi la ukubwa uleule lililotoka kwenye gari la petroli linaweza kuingia vizuri kabisa na likawa dhaifu. Namba iwe ile ya kwenye karatasi ya gari au zaidi, isishuke hata moja. Mkiona HL badala ya XL (alama ya tairi lililoimarishwa) msishtuke, hayo yanabeba zaidi, yametengenezwa kwa magari mazito kama haya. Rimu nayo ina kikomo chake cha kilo za kubeba, kimechorwa mgongoni. Hakuna anayegeuza kuangalia. Geuza!

3. Tairi la misumari (vichuma vidogo vya kung'ata barafu) au bila misumari. Ataamua mteja, ila mpeni ukweli. Anayezunguka mjini tu, ambako barabara zinapigwa chumvi na jiji linatoza ada kwa wenye misumari, bila misumari inamtosha. Anayepanda milimani kila wikendi usiku, mpe misumari, na iwe yote manne, sheria haitaki miwili. Mwambie pia kwamba gari la umeme halina injini ya kufunika kelele. Atausikia kila msumari. Tarehe mnazijua: 1 Novemba hadi Jumatatu ya kwanza baada ya Jumatatu ya Pasaka, na kaskazini, yaani Nordland, Troms na Finnmark, 16 Oktoba hadi 30 Aprili.

Kosa lenu ni jingine. Mkiona alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji mnadhani kazi imekwisha. Alama ile hupewa tairi lililofaulu kwenye theluji iliyoshindiliwa. Barafu haikuulizwa. Tairi la baridi lililoundwa kwa mvua na mwendo wa Ujerumani linayo, na tairi laini la huku Nordiki linayo, lakini kwenye barafu ya Januari hayo si ndugu. Wafini walioanza kutengeneza Hakkapeliitta mwaka 1936 hawakuwa wanawaza barabara kuu ya Munich. Lebo ya Ulaya ina picha ya barafu tangu Mei 2021. Isomeni, haiumi.

4. Tundu la kati la rimu, linaloingia kwenye habu. Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Ufundi nilijifunzia Gerezani, Dar es Salaam. Kule Toyota ndiyo gari, na Toyota nyingi tulizozishika zilikuwa matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3, tundu la kati 60.1. Rimu ya hili inakaa kwenye lile. Nati zikipita, umemaliza, lete hela. Kwa hiyo sikuwahi kupima tundu la kati la rimu yoyote, na sikuwahi kujuta. Nikaja Norwe na kichwa kilekile.

Akaja dereva wa teksi, mtu wa Uvira. Jiji la Oslo lilikuwa limeamua teksi zisitoe moshi kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, naye akakopa akanunua Model Y. Hela ya seti mpya ya baridi haikubaki. "Ndugu yangu, unisaidie." Nikavimba kichwa. Nikamtafutia rimu za mtumba, inchi 19, zimetoka kwenye SUV ya umeme ya Kikorea, na matairi yake 235/55 yenye kashata (meno ya kukanyagia) nzuri tu. Matundu matano, 114.3, bei ya kutupa. Nikatangaza mbele ya watu kwamba mafundi wa mji huu wanawaibia wageni kwa kuwauzia vitu vipya.

Habu ya Model Y ni milimita 64.1. Tundu la rimu zile lilikuwa 67.1. Rimu ilikaa pale kama kofia ya babu kwenye kichwa cha mjukuu, imeshikwa na nati peke yake. Pete za kuziba nafasi hiyo zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, lakini pete ananunua aliyepima.

Akarudi: usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80. Nikapiga balansi. Akarudi. Nikapiga tena, nikahamisha ya mbele nyuma, sasa kinatetemeka kiti. Nikamwambia ni barabara ya E6. Akaniuliza mbona E6 ya kiangazi haikuwa na homa. Theluji ilipojaa kwenye matao ya magurudumu, akikata kona kali tairi linakwaruza plastiki ya ndani, kwa sababu, na hili nalo sikulipima, 235/55 R19 ina kipenyo cha milimita 741 na tairi lake halali lina 712. Asilimia nne. Sasa fikirini teksi. Mita inahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi likiwa kubwa, gari linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko uleule na mita haina habari. Yule bwana alikuwa anapeleka watu uwanja wa Gardermoen, na katika kila kilomita 100, nne zilikuwa sadaka. Spidomita nayo ilikuwa inasoma chini, na faini za mwendo za nchi hii mnazifahamu.

Wala sikugundua mimi. Mzee wetu wa gereji, Mnorwe wa maneno machache, alilaza rimu kifudifudi, akapitisha kidole kwenye tundu la kati, akanitazama, akaenda kunywa kahawa. Ningependelea matusi.

Seti sahihi niliinunua kwa mshahara wangu. Nikampigia nikamweleza yote, hadi habari ya mita. Akanyamaza, halafu akauliza kama zile rimu tunaweza kumuuzia mtu mwingine. Bado analeta gari lake kwangu, ila siku hizi anakuja na kipimo chake mfukoni.

Basi rimu ilazwe, tundu lipimwe, kipenyo kihesabiwe dhidi ya karatasi ya gari, ndipo bei izungumzwe.

5. Yaliyobaki kwa pumzi moja. Jeki iingie kwenye sehemu zake nne tu, na pedi za mpira. Katikati pale ni betri, na betri ndiyo gari. Sugua kutu ya habu kwa brashi. Fuata mshale wa mzunguko ubavuni mwa tairi. Namba nne za mwisho za DOT, msimbo ulio ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 3823 ni wiki ya 38 ya 2023, kwa hiyo msiuze la kale kwa bei ya jipya. Sheria ya baridi inataka kashata milimita 3; mimi nikikuta 4 nasema na mteja, na kwenye gari linalosukuma nyuma napima ya nyuma kwanza, kwa sababu yanaisha mapema na ndiyo yanayokamata gari mguu ukitoka kwenye mafuta (mafuta, nimesema; mazoea). Upepo upimwe tairi likiwa la baridi. Kila nyuzi 10 zikishuka, takribani 0.1 bar imeondoka. Nati za Model Y ni 175 Nm kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), si kwa kuning'inia kwenye spana, na mteja arudi kukaziwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Theluji ikiganda ndani ya rimu gari hutetemeka pia, kwa hiyo osha kwanza kabla ya kupiga balansi.

Kesho tunafungua saa moja na foleni itafika barabarani. Aliyekuja jana na raba nyeupe aje na viatu vya kazi.