Muuguzi wa nusukaputi, mama wa watoto wawili: nijiunge na jeshi la akiba?

*Shangazi, mimi ni muuguzi wa nusukaputi hapa Dallas, mzaliwa wa Kisii, nina miaka 38 na uraia wa Marekani nimeshapata. Nafanya kazi kwenye vituo vitatu vya kolonoskopi (uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera), nalipwa kwa 1099, yaani kama mkandarasi na si mwajiriwa, kwa sababu hela ni nzuri. Mume wangu anaendesha trela za masafa marefu, watoto wana miaka 7 na 3, na mdogo ana pumu. Afisa anayeandikisha watu wa jeshi la akiba la nchi kavu ananiambia ni wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, na nitasaidiwa deni la shule. Mume anasema vita havina macho. Nifanyeje?*

Dada mpendwa,

Huyo afisa hajakudanganya, ila amekupa sehemu nyepesi. Wikendi na zile wiki mbili utaziona kwenye kalenda mapema. Kazi iko kwenye wito, yaani kuitwa kazini jeshini kwa muda wote. Ukila kiapo unajifunga miaka 8, na hata ukihamishiwa orodha ya wasiofanya mazoezi bado unaweza kuitwa. Kwa muda mrefu jeshi hilo limekuwa na utaratibu wa kuwatuma madaktari na wauguzi wa nusukaputi wa akiba kwa zamu za siku 90 uwanjani. Jumlisha maandalizi na siku za kurejea, jipangie miezi 4 nje ya nyumba. Hiyo ni sera tu, na sera hubadilishwa, kwa hiyo usiijengee nyumba yako yote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo 1099. Sheria ya mwaka 1994 iitwayo USERRA humlazimisha mwajiri akurudishie kazi yako ukitoka jeshini. Ukihudumu siku 31 hadi 180, unakuwa na siku 14 za kuomba urudishwe. Lakini inamlinda mwajiriwa. Wewe kwa sasa ni mkandarasi, na kituo kikimweka mtu mwingine mahali pako huna pa kushtaki. Watu wa taaluma yako hulisahau hili mpaka siku wanaporudi na kukuta ratiba haina jina lao.

Halafu kuna ujuzi. Kikosi cha upasuaji cha mstari wa mbele kimezoeleka kuwa na watu 20, wauguzi wa nusukaputi wakiwa 2, na kinaweza kugawanywa nusu kwa nusu. Maana yake unaweza kubaki peke yako na majeruhi anayevuja damu, ketamini ya kumlaza usingizi mkononi, bila daktari wa usingizi wa kumwita. Propofol, dawa ya usingizi ya kolonoskopi, hata ukiitoa mara kumi kwa siku, haikuandai kwa hilo. Kwa hiyo tafuta kwanza ajira ya W-2, yaani ya kuajiriwa rasmi, katika hospitali inayopokea majeruhi wakubwa. Utapata mazoezi ya kweli, na USERRA itakulinda. Mshahara utapungua kidogo, naelewa, lakini hatua hiyo ina faida hata ukiamua kutojiunga.

Kwa upande wa hela, ukiwa kwenye wito utalipwa mshahara wa cheo, na kwa muuguzi wa nusukaputi mara nyingi ni mdogo kuliko wa nje. Andika matumizi ya nyumba ya miezi 4, toa mshahara huo na wa mume, halafu weka akiba ya pengo hilo kabla ya kusaini. Madeni uliyokuwa nayo kabla ya kuitwa, riba yake inashushwa hadi asilimia 6 chini ya SCRA, sheria inayowalinda kifedha walioitwa jeshini, lakini ni lazima umwandikie mkopeshaji na kumpa nakala ya amri ya wito. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kusimamisha bima yako ya makosa ya kitabibu muda huo. Na kwa kuwa sasa unajinunulia bima ya afya, TRICARE Reserve Select, bima ya afya ya askari wa akiba, ni faida kubwa kweli. Kwa familia nzima, miaka ya karibuni haijafika dola 300 kwa mwezi.

Sasa nyumbani. Mumeo hapingi jeshi, anaona mzigo utakaomwangukia akiwa barabarani. Usimbembeleze, mwulize swali moja: anaweza kupata safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo? Kama hapana, hata wikendi moja kwa mwezi itawashinda. Mama yako akija kutoka Kisii kwa visa ya matembezi, kwa kawaida hupewa miezi 6, inayotosha zamu moja, lakini foleni ya Nairobi haimsubiri mtu. Na mama haendeshi gari Dallas! Mpangieni jirani mwenye gari, karatasi ya dozi za pumu ibandikwe kwenye friji, na hati ya uwakili ya shule na hospitali iwe imesainiwa. Jeshi hudai mpango rasmi wa malezi kwa mzazi aliye peke yake na kwa wanandoa ambao wote ni askari. Nyie andikeni wenu hata msipodaiwa.

Kwa hiyo usisaini mwaka huu. Badilisha kazi, mume abadilishe njia, mama apate visa. Kisha rudi kwa yule afisa ukiwa na maswali, na majibu yawe kwa maandishi: kikosi kiko umbali gani na nauli ni ya nani, fedha za deni la shule zinakufunga miaka mingapi, na zamu ya siku 90 bado inatumika? Kikomo cha umri usingoje, kiulize wiki hii, maana ndicho kitakachokuambia kama una mwaka mmoja wa kujipanga au mitatu.