Jibu: Kufundisha vijana useremala kijijini, tuanze na nini?

Mkuu, umesema kikundi chenu huko Mufindi kina fundi mmoja na miezi mitatu, na unauliza vijana waanze na stuli au meza. Kwa maoni yangu wasianze na samani kabisa. Waanze kukausha mbao na kunoa.

Paina mbichi kutoka mashineni inaweza kuwa na maji yanayozidi uzito wa mbao yenyewe ikikauka. Samani za ndani zinataka maji ya asilimia 12 hadi 15 ya uzito huo mkavu. Ukiunga mbichi, ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa iingie kwenye tundu la mbao nyingine) unasinyaa ndani ya tundu, meza inacheza, na uso unapasuka penye misumari.

Pangeni mbao sm 40 juu ya ardhi, chini ya paa, pembeni wazi. Kila tabaka litenganishwe na vijiti vya inchi moja kwa inchi moja, kila baada ya sm 60, na vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vya chini. Hapo ndipo wengi wanakosea: kijiti kikihama, mbao inakauka na wimbi, na kuliondoa kwa randa ni kula unene wote. Ncha zipakeni rangi ya mafuta, maana nyufa huanzia huko. Juu wekeni mawe. Madoa ya bluu si kuoza, ila yanawaambia hewa haipiti vizuri.

Kupima unyevu hakuhitaji kifaa cha bei. Kata kipande katikati ya mbao, pima kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwa moto mdogo bila kukiunguza mpaka uzito usishuke tena. Gramu 260 zikibaki 200, maji ni 60 gawanya kwa 200, yaani asilimia 30. Bado sana. Kila kijana afanye hesabu hiyo mwenyewe.

Kunoa: mteremko wa patasi uwe na urefu mara mbili ya unene wa chuma, hiyo ni nyuzi 30. Chuma kikigeuka bluu kwenye mashine ya kunolea, ugumu umeondoka. Kichovye majini mara kwa mara.

Baada ya hapo ndipo tundu na ulimi, ulimi ukiwa theluthi ya unene wa mbao.

Kuhusu cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa anachokiweza, penye pengo anafundishwa, kisha anapewa cheti. Fundi wenu naye aombe.