Siku mbili Mbeya na watoto: nendeni Kaporogwe

Dada, umeuliza maporomoko gani yanafaa kwa familia yenye siku mbili tu Mbeya baada ya harusi. Mimi nasema Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu. Maji yanashuka kama mita 40 hivi katikati ya kijani kitupu, na nyuma yake kuna pango: mnapita kwa ndani, pazia la maji likiwa mbele yenu, manyunyu yanawalowesha nyuso. Wanangu, ambao hawanyamazi hata wakila, pale walishikana mikono wakakaa kimya. Njia ya kushuka inateleza, kwa hiyo vaeni raba zenye meno, ndala ziacheni kwenye gari, na mdogo ashikwe mkono muda wote.

Tukuyu mvua haina simile. Juni hadi Oktoba ndiyo nafuu, ila sweta bebeni.

Mkirudi, pitieni Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili, na Kijungu, yote mto Kiwira. Pale Kijungu maji yanazama kwenye mwamba uliochimbika kama chungu. Watoto wasisogelee ukingo, tafadhali sana.

Kalambo ni marefu zaidi, yanapita mita 200, lakini yako Rukwa mpakani na Zambia. Siku zenu mbili zitaishia barabarani.