Jibu: Seleniamu na zinki kushuka kwa mtoto mwenye fenilketonuria

Salaam, dada. Nimeelewa kwamba fenilalanini ya mwanao (kijenzi cha protini ambacho mwili wa mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, hushindwa kukivunja vizuri) imetulia katika damu, lakini vipimo vimeonyesha seleniamu na zinki ziko chini, nawe unauliza kama umnunulie vidonge.

Anza na maziwa yake maalumu, yale yanayompa protini bila kumzidishia fenilalanini. Kwa kuwa watoto wetu hawali nyama, samaki wala mayai, sehemu kubwa ya madini haya huipata katika maziwa hayo, hivyo kikombe kinachoachwa nusu shuleni humnyima protini na madini kwa pamoja. Kwa mwanangu tatizo lilikuwa hapo hasa. Soma lebo pia, maana baadhi ya michanganyiko ya amino asidi (vijenzi vya protini) inayotumika kama maziwa haya haikuongezwa madini kabisa.

Je, alikuwa na homa siku alipotolewa damu? Maambukizi huweza kushusha zinki na seleniamu katika damu hata kama akiba ya mwili haijapungua, na hapo ni busara kuomba kipimo kirudiwe akishapona.

Vidonge tafadhali visitangulie. Seleniamu ikizidi ni sumu, na zinki nyingi huzuia mwili kufyonza shaba. Kiasi cha kuongeza apange daktari wake pamoja na mtaalamu wa lishe.