Mwanangu, kuhusu hiyo kazi ya watu wa mitaani

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, mama yako naye kausoma mara mbili. Unauliza kama kuhudumia watoto na watu wazima wanaolala mitaani ni kazi ya kumlisha mtu, au ni kujitolea tu huku ukisubiri ajira ya maana. Kituo cha hapo Iringa wanataka ubaki, na kampuni ya mikopo nayo imekuita kwa mshahara mnono zaidi.

Nitakujibu kama dereva, cheti kingine sina. Unajua nimewaendesha maafisa ustawi wa jamii miaka mingi, Chunya, Mbarali, Ileje mpaka Makete, tukirudisha watoto waliokutwa Mwanjelwa na stendi hapa Mbeya. Dereva husikia mengi, watu husahau kwamba yupo.

Tumalizane na pesa kwanza. Inalisha, haitajirishi. Halmashauri unaingia kupitia Sekretarieti ya Ajira. Nafasi chache, waombaji kibao, lakini ukishaingia una mshahara wa uhakika na pensheni. Mashirika hulipa vizuri mradi ukiwepo, na mradi una mwenyewe. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, uliona mwenyewe watu waliokuwa na magari ya mradi wakipanda daladala. Kwa hiyo usiishie kwenye stashahada. Tafuta shahada ya ustawi wa jamii, pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Ustawi wa Jamii au kwingineko, hata kwa kuungaunga. Mradi ukifa, shahada haifi nao.

Sasa kazi yenyewe. Mbeya mwezi wa saba unaijua. Ukipita Kabwe usiku wa manane utawaona watoto wamejikunyata karibu na wauza chips, wanasubiri jiko lifungwe majivu yamwagwe. Wanayatandaza, wanaweka boksi juu, wanalala. Aliyechelewa analala pembeni, kwenye ubaridi. Mmoja wao, wa miaka kama kumi hivi, tulimpeleka kwao upande wa Makete. Kule UKIMWI ulivyozikomba nyumba huhitaji kuhadithiwa. Mpaka utafiti wa 2022-2023 mkoa wa Njombe, iliko Makete, ndio uliongoza nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima wakiwa na VVU. Watoto wengi wamelelewa na bibi, na bibi naye anazeeka.

Tulipofika, bibi akalia, majirani wakajaa, mwenyekiti wa kijiji akatoa hotuba ndefu. Mimi kichwani nilishageuza gari. Yule afisa, dada mmoja mpole asiye na makuu, akaomba aoneshwe mtoto atalala wapi. Bibi akasema humu humu. Dada akaingia ndani. Akauliza blanketi liko wapi, nani anachota maji, na mjomba anarudi saa ngapi akitoka kwenye pombe ya ulanzi. Kwenye swali la mjomba bibi akanyamaza, na mtoto akaanza kulitazama gari. Dada hakumkaripia mtu. Aliandika kwenye daftari lake, akauliza kama kuna ndugu mwingine, akapelekwa kwa shangazi nyumba ya tatu, akakaa naye jikoni wakimenya viazi. Jua lilizama tukiwa bado kule, na mtoto akabaki kwa shangazi.

Akatoroka hata hivyo, wiki chache tu akawa stendi. Nilikasirika, na mafuta yalikuwa ya shida. Dada alishangaa hasira yangu kuliko alivyoshangaa mtoto kurudi. Akamrudisha tena, akawa anampigia mwalimu mkuu kila Ijumaa kuuliza kama yupo darasani, na shangazi akiuguliwa anatafuta nani amsaidie. Mtoto akaja kutulia, baada ya muda mrefu ambao hakuna mfadhili angeusubiri. Kama unaweza kupiga simu ya Ijumaa miezi mingi bila mtu kukupongeza, kazi hii unaiweza. Kama unachopenda ni sikukuu ya pilau na fulana za mradi, nenda kwenye mikopo, na sitakulaumu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 isome mpaka uizoee. Inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake, awe katokea wapi. Kuna siku utakaa mbele ya bwana mkubwa anayesema "huyu si wa kwetu", na hapo huruma haitakusaidia, kifungu kitakusaidia.

Lakini sheria hiyo inamhusu aliye chini ya miaka 18. Kijana yule yule akishavuka hapo, faili linafungwa, na anayemfuata baadaye ni askari wa uzururaji. Tuliokuwa wakubwa mwaka 1983 tunaikumbuka Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wakikusanywa mijini na kupelekwa vijijini kwa nguvu. Wengi walirudi. Hakuna aliyekuwa ameuliza nani yuko huko kijijini na shamba ni la nani.

Ndiyo maana kama unataka maoni yangu, elekea kwa watu wazima. Watoto wana vituo, wana namba ya 116 ya simu ya msaada kwa mtoto, wana wafadhili. Mtu wa miaka arobaini aliyekwenda machimboni Chunya, akaishiwa, akaona aibu kurudi kwao mikono mitupu, ana nani? Au yule mgonjwa wa akili ambaye hospitali imemtibu akatulia, ndugu wakabadili namba za simu? Huyo anahitaji mtu wa kwenda kuwatafuta hao ndugu, na wa kuhakikisha dawa hazikatiki. Vijana wachache wanaikimbilia kazi hiyo. Wanasema inatisha. Na inatisha kweli, siku nyingine.

Kuhusu hicho kituo, omba kuona leseni yao ya makao ya watoto. Kisha waulize mwaka jana watoto wangapi walirudi kwa ndugu, na nani aliwafuatilia. Wakikuonesha vitanda vipya badala ya kujibu, ujue vitanda hivyo lazima vijae ili fedha zije. Na mkataba uwe wa maandishi, wenye michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, siyo maneno ya "tutaangalia".

Yule dada wa Makete sasa yuko halmashauri nyingine. Nimempigia, amekubali ukae naye wiki moja, uone mafaili na utembee naye usiku. Amesema uje na viatu vya kutembelea na daftari, simu ya kupiga picha uiache kwenye begi. Nauli nakutumia Jumatatu.

Baba yako